Sura ya Tano: Harusi Zilizokataa Kufutika

Folda ya Nthenya ilikuwa tupu. Ndila aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, vile mtu hufungua friji mara ya pili akidhani labda kuna kitu kimeingia akiwa amegeuka. Hakuna kitu kilikuwa kimeingia.

"Musyimi," akasema. "Hapa hakuna kitu."

"Najua hakuna."

"Na mashine yako inasema huyu msichana amejaza nafasi yake yote na akapitisha."

"Mashine haidanganyi, madam."

"Kila mtu nimewahi kushika alikuwa na kitu haidanganyi. Mmoja alikuwa na saa ya ukutani. Sogea nikae."

Musyimi alisogea. Chumba cha nyuma cha Studio ya Tei hapa mjini Wote kilikuwa kidogo, na nusu yake ilikuwa ya seva, ile kompyuta kubwa ambayo wanachama wote waliwekea kazi zao. Feni ilikuwa imefungwa kwa dirisha na kipande cha leso. Studio ilikuwa ya chama: wapiga picha za harusi, kwaya, mapasta, wenye hoteli wanaotaka matangazo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake ndani ya ile mashine, lakini nyumba ni moja, na chumba kimoja kikifura wengine wanabanwa ukutani. Tangu mwezi uliopita ilikuwa inakataa vitu. Kwaya ya watoto ilikatwa katikati ya wimbo. Pasta mmoja alipoteza nusu ya mahubiri, na mpaka leo aliyelalamika ni yeye peke yake.

Mwenyekiti, mzee Nyamai, alikuwa ameitisha mkutano saa kumi. Ajenda ilikuwa moja: Nthenya atolewe kwa chama kwa kula nafasi ya wenzake. Ndila aliitwa kutoka Migwani ili athibitishe kitu ambacho mzee alikuwa ameshaamua. Miaka mingi Ndila alifanyia watu wa bima kazi ya kuchunguza ng'ombe waliokufa mara mbili, kwa hivyo alikuwa amezoea kuitwa hivyo.

"Umetafuta kwa takataka?" akauliza.

"Ya kwanza kabisa. Amemwaga yote."

"Umetafuta wapi pengine?"

"Kwa folda yake."

"Na nje ya folda yake?"

Musyimi akamwangalia kama ameulizwa kama ametafuta Tanzania. "Vitu zake zitakuwa nje zikifanya nini?"

"Mimi mbuzi yangu ikipotea sitafuti kwa zizi yangu tu. Ambia seva ikuonyeshe kila kitu iko na jina ya Nthenya kama mwenyewe. Nyumba yote, jikoni mpaka choo."

Musyimi akaandika. Mashine ikanguruma kidogo, halafu skrini ikaanza kuteremka yenyewe, mstari juu ya mstari. Zote zilikuwa mahali pamoja: ile folda ya pamoja ambayo kila mwanachama anaweza kuweka kitu, ndani kabisa, pale jingle za studio, vile vipande vya muziki vya kufungulia kazi, huwekwa. Hakuna mtu huangalia hapo. Ukitaka jingle unachukua ya kwanza unaenda.

"Si nilisema," Musyimi akasema taratibu, kama mtu anaonja utamu. "Ameficha. Ngoja nimwite mwenyekiti."

"Mwite Nthenya kwanza."

Nthenya alikuja akiwa amebeba kamera kwa bega, kwa sababu alikuwa hajui kama akiiweka chini ataruhusiwa kuichukua tena. Alikuwa msichana mwembamba wa kutoka upande wa Mbooni, na macho yalionyesha hajalala vizuri. Kesho yake alikuwa na harusi huko huko Mbooni. Kama leo angetolewa, hangekuwa na pahali pa kuweka hiyo harusi wala pa kuifanyia kazi, na ile kamera ingekuwa pambo la nyumba.

"Auntie, mimi nilifuta," akasema hata kabla ya kukaa. "Harusi zote za zamani. Watu walichukua zao, nikatangaza kwa mkutano kwamba nafuta, nikafuta. Kila siku naambiwa bado ziko."

"Ziko," Ndila akasema. "Angalia."

Nthenya akainama. Akasoma. Akakunja uso.

"Hayo majina si yangu."

"Zimeandikwa wewe ndio mwenyewe," Musyimi akasema.

"Picha ni zangu, naona hata siku ya kupiga. Lakini mimi naandika jina la bwana na la bibi. Mimi siwezi kuita harusi ya watu 'kuni-mbichi'."

Ndila akavuta kiti. Kweli. Ya kwanza ilikuwa inaitwa kuni-mbichi. Inayofuata muthokoi-ulipungua. Halafu mvua-kwa-pilau. Halafu sufuria-ya-kuazima.

"Musyimi, hii jingle," Ndila akasema. "Kila mtu ako nayo kwa kazi yake. Kila mtu alikopi?"

Hapo Musyimi akachangamka. "Hapana. Wakikopi wote, nafasi inaisha. Niliwafundisha kulinki. Jingle ni moja, lakini unaweza kuipa jina la pili, uweke pahali yako. Kitu ni kile kile, majina ni mengi. Haili nafasi yako hata kidogo. Nilifanya semina. Kulikuwa na soda."

"Nafasi inakula ya nani?"

"Ya mwenyewe. Ya studio."

"Na mtu akifanyia hivyo kitu ya mwenzake?"

Musyimi akavuta kibodi karibu.

"Tujaribu," Ndila akasema. "Nthenya, andika chochote, uweke kwa folda yako."

Nthenya akaandika neno moja, NIMECHOKA, akaweka.

"Musyimi, ingia kama mwanachama wa kawaida, si kama mkubwa wa seva. Lipe jina la pili. Weka pale kwa jingle."

Musyimi akafanya. Mashine haikumuuliza swali.

"Nthenya, futa yako."

Nthenya akafuta. Folda yake ikawa tupu tena. Ndila akanyoosha kidole kwa ile nyingine. Ilikuwa pale. Musyimi akaifungua, na ndani bado ilikuwa inasema NIMECHOKA.

"Mwenyewe ni nani hapo? Soma kwa sauti."

"Nthenya," Musyimi akasoma, na sauti haikuwa ile ya semina.

"Kwa hivyo ametupa na bado anahesabiwa. Jina la mwisho lisipotoka, kitu haifi, na mzigo ni wa mwenyewe wa kwanza." Ndila akajikuna shingo. "Kwetu Migwani mtu hutundika mzinga kwa mti ya jirani, na hakuna vita, kwa sababu mzinga uko na alama ya mwenyewe. Wewe umetengeneza mzinga ambao mwenye asali ni mmoja na alama ni ya mwingine. Tawi likivunjika, anaitwa mwenye alama."

"Kuna mlango ya kuzuia," Musyimi akasema akiangalia viatu vyake. "Kwa setting. Ukiiwasha, mtu hawezi kulinki kitu si yake na hana ruhusa ya kuiandika. Huja ikiwa imewashwa. Niliizima kwa sababu ile programu ya kuediti ilikuwa inagoma."

"Ukasahau kuwasha."

"Nilikuwa niwashe."

"Usiwashe bado. Kwanza nijue nani alipita."

"Huwezi jua," Musyimi akasema. "Folda ni ya wote na faili zinasema ni za Nthenya. Aliyelinki haachi hata alama ya kidole."

Mlango ukafunguka na mzee Nyamai akaingia na kofia yake, akifuatiwa na harufu ya dawa ya kikohozi. Aliambiwa kila kitu. Alisoma yale majina, muthokoi, pilau, sufuria, halafu akagonga meza na fimbo polepole.

"Farhiya," akasema. "Wa hoteli. Ako na akaunti hapa ya matangazo, na harusi zote huku pilau ni yake. Nani mwingine anaweza kuweka pilau kwa jina?"

"Mzee, mimi pia naweza," Ndila akasema. "Napenda pilau sana."

"Saa kumi nataka jina."

"Utapata jina. Utapenda ama hutapenda, hiyo ni yako."

Mzee alipotoka, Ndila alimwambia Nthenya afungue hizo harusi moja moja. Walianza kwa kutafuta kitu kinachofanana. Kanisa halikufanana: moja Kibwezi, moja Migwani, moja kule juu Mbooni ambako bibi harusi alishuka mlima na pikipiki akiwa ameshika shela na meno. Gari hazikufanana. Familia hazikujuana. Hakukuwa na mtu mmoja ambaye angetaka kuuza hizo picha, wala wa kununua.

"Harusi zako zote ziko hapa?" Ndila akauliza.

"La. Kuna zingine zilifutika kabisa, hata hazionekani."

"Kwa hivyo alichagua."

Ndila akageuza kiti, akakaa akipea skrini mgongo.

"Auntie, huoni."

"Nimeona vya kutosha. Cheza tu."

Nthenya akacheza. Vigelegele, spika ikipiga kelele, watoto. Halafu sauti ya mwanaume, nzito, isiyo na haraka, ikiambia watu wa upande wa bwana wapunguze njaa kidogo kwa sababu wamekuja nayo kutoka mbali. Watu wakacheka. Ile sauti ikasema, "Jikoni mnasemaje?" Na kwa mbali sana, nyuma ya kila kitu, kitu cha chuma kikalia mara moja.

"Weka ingine."

Harusi nyingine, watu wengine. "Jikoni mnasemaje?" Chuma, mara mbili. Shangwe.

"Ingine."

"Jikoni mnasemaje?" Mara moja. Ile sauti ikasema, "Haya, kwaya, mmesikia, tuimbieni tena." Watu wakalalamika kwa furaha.

"Nani huyo?" Ndila akauliza.

"Marehemu Kilonzo. MC. Alikufa mwaka jana." Nthenya akarudi kwa ile orodha, akaipitia tena. "Auntie, zote ni zake. Zile zilifutika zilikuwa na MC wengine."

"Na anayegonga?"

"Sijui. Kamera inakaa mbele. Mimi jikoni ya harusi sijawahi kufika, naletewa sahani."

Hoteli ya Farhiya ilikuwa karibu na stendi ya magari ya Machakos. Ndila alikaa meza ya ndani, akaagiza pilau na maji. Farhiya aliileta mwenyewe, akaweka chini, akabaki amesimama na mikono kiunoni, mama mnene wa buibui nyeusi na simu iliyobanwa ndani ya mtandio karibu na sikio.

"Nimesikia nimetajwa," akasema. "Umekuja kunishika?"

"Nimekuja kula. Ukiwa na kosa nitakushika baada ya kumaliza."

Farhiya akavuta kiti akakaa. "Uliza, dada."

"Pilau ya harusi unapikia wapi?"

"Hapa. Inatoka na kifuniko, inapanda pickup, mimi narudi kwa kazi yangu. Kesho yake naletewa sufuria na kawaida haijaoshwa."

"Muthokoi?"

"Muthokoi naikula. Kuipika, nitafute mahindi ilianza kuniudhi wapi mpaka niikoboe hivyo?"

Ndila akacheka, akala kijiko kingine. "Kuna mtu alikuwa anagonga chuma. Kilonzo akiuliza jikoni."

Farhiya alitoa simu kwa sikio ingawa hakukuwa na mtu upande ule mwingine, akaiweka mezani kifudifudi.

"Kifuniko ya sufuria," akasema. "Na mwiko. Huyo ni bibi yake, Kanyiva. Yeye ndio alikuwa anasimamia moto kila harusi Kilonzo anaongea. Chakula haijaiva, anagonga moja. Imeiva, mbili. Hangeweza kutembea mpaka mbele na aproni, watu wa maana wamekaa."

"Ako na akaunti studio?"

"Ya kwaya. Yeye ndio karani wao." Farhiya akasukuma sahani ya ndimu karibu na Ndila. "Tangu amzike hajapika harusi hata moja. Namwita, ananiambia mgongo. Dada, nikuombe kitu. Usimpeleke mbele ya Nyamai kama mwizi. Mimi wamenitaja leo, sawa, kitu ikipotea hapa jina yangu hutembea kabla ya miguu, nimezoea. Yeye hajazoea."

Ndila alimaliza pilau yote. Alipotoa pesa, Farhiya alikuwa ameshaingia jikoni na akakataa kutoka.

Kanyiva alikuwa nyuma ya nyumba yake, amekaa kwa kigoda, akiambua mbaazi ndani ya ungo. Alikuwa mama wa makamo, mikono mikubwa yenye alama za moto mpaka kwa viwiko. Ndila akasalimia, akajitambulisha, akatafuta jiwe akakaa, akachukua konzi ya mbaazi na yeye akaanza kuambua.

"Wewe ni wa Kitui," Kanyiva akasema. "Naona vile unavuta uzi. Mnaanzia mkiani."

"Ninyi mnaanzia wapi?"

"Kichwani, kama watu."

Ndila akageuza mbaazi, akaanzia kichwani. "Mwaitu, mama yangu, nimetoka kusikiliza mzee Kilonzo."

Mikono ya Kanyiva haikusimama. Ilipunguza tu.

"Anaongea vizuri," Ndila akasema.

"Huko alikuwa anaongea. Nyumbani alikuwa mtu wa kunyamaza. Unaweza weka chakula, akule, atoe sahani, aende, na neno ni 'asante' tu. Maneno yote alikuwa anaenda kumalizia kwa harusi za watu." Akatupa ganda. "Mimi harusi sijawahi kuona hata moja. Nilikuwa huko nyuma kwa moshi. Lakini akishika maiki nilikuwa najua ameamkaje, kama koo inamuuma, kama amekasirika na baba ya bibi. Halafu anauliza jikoni. Hapo ananiuliza mimi. Watu mia tano wanasikia, na hakuna anayejua ni bwana anaongea na bibi yake."

"Na ukamjibu."

"Nilikuwa namjibu. Siku ingine chakula iko tayari na nagonga moja, ndio aendelee kidogo."

Ndila akachukua mbaazi nyingine.

"Siku Nthenya alisema anafuta," akasema, "uliingia studio."

"Niliingia. Watu wa kwaya waliniambia anafuta, nikamwomba mwenyekiti nafasi kwanza, akaniambia nafasi ya kwaya ni ya kwaya. Sikutaka kuiba ya mtu. Nikakumbuka Musyimi alitufundisha ile ya jina la pili, kwamba haili nafasi. Nikaziweka pale kwa jingle nikazipa majina yangu, vile nilikumbuka kila harusi kutoka jikoni. Siku mojamoja naenda, navaa zile za masikio, nasikiza moja, narudi. Kwani ni vibaya? Alisema haili nafasi."

"Haili yako."

Kanyiva akainua macho. "Inakula ya nani?"

"Ya Nthenya. Alifuta, na wewe umeshika ule mwisho mwingine. Kwa hivyo kila siku seva inamhesabia. Hiyo ndiyo wanamtolea leo saa kumi."

Sasa mikono ilisimama.

"Nilisikia wanatoa msichana," Kanyiva akasema. "Sikuuliza ni kwa nini. Tangu matanga sijaenda mkutano." Akaweka ungo chini, akapangusa magoti. "Huyo mtoto ndio alikuwa ananiletea soda huko nyuma? La, huyo hakuwa anafika. Alikuwa anatuma. 'Pelekea mama wa jikoni.' Kila harusi." Akaingia ndani, akatoka na leso safi. "Twende."

"Mwaitu, wanaweza kukutoa wewe."

"Si wanitoe. Twende, wewe, hizo mbaazi haziendi mahali."

Mkutano ulikuwa kwa chumba cha kurekodia, kwa sababu ndicho kilikuwa na viti. Mzee Nyamai alikuwa amekaa mbele. Nthenya alikuwa amesimama ukutani na kamera kwa bega. Farhiya alikuwa amekuja, akakaa kiti cha mbele kabisa, macho kwa mwenyekiti, bila kupepesa.

"Madam Ndila," mzee akasema. "Jina."

Kabla Ndila ainuke, Kanyiva alikuwa ameinuka.

"Ni mimi," akasema. "Si Nthenya, na si mama wa hoteli. Nilitaka kumsikia Kilonzo. Sikujua nimeweka mzigo kwa mgongo ya mtoto wa watu. Nthenya, nisamehe."

Ndila akaeleza yaliyobaki kwa ufupi: kwamba Nthenya alifuta kama alivyosema, kwamba faili yenye majina mawili haiondoki kwa kufuta moja, kwamba kwa seva hii mtu yeyote angeweza kushikilia vitu vya yeyote mpaka chumba cha mwenzake kijae na nyumba yote isimame, na mwenye chumba asijue.

"Mlango ya kuzuia iko, na ilikuwa wazi," akamalizia. "Musyimi ataifunga leo. Kuanzia hapo, kitu si yako, huwezi kuipa jina."

Mzee Nyamai akazungusha fimbo. "Na sheria ya chama inasema anayekula nafasi ya mwenzake anatoka."

"Ukimtoa huyu, umtoe na aliyemfundisha," Ndila akasema. "Na aliyeomba nafasi akamnyima."

Musyimi akakohoa. Mzee naye akakohoa, lakini yake ilikuwa ya kweli, ikachukua muda.

"Nthenya abaki," akasema alipopata pumzi. "Mama Kanyiva abaki. Hizo faili zifutwe."

"Zifutwe," Kanyiva akasema. Alisema vizuri, lakini alikuwa amekunja ncha ya leso kwa kidole mpaka kidole kikawa cheupe.

"Ngoja kidogo," Nthenya akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea kwa huo mkutano. Alishusha kamera kutoka kwa bega, akaiweka mezani. "Mwaitu, unataka picha ama unataka sauti?"

"Picha ya nini? Hao bibi harusi siwajui."

"Basi kwa nini tubebe milima? Kinachokula nafasi ni picha. Sauti ni nyepesi kama unga. Nitatoa sauti ya harusi zote, uweke kwa nafasi ya kwaya na haitasikika imeingia. Hata kwa simu yako itaenea." Akageukia mwenyekiti. "Mzee, kwaya ni sauti, si ndio?"

Mzee akafikiria hiyo sana. "Kwaya ni sauti," akakubali.

Walienda chumba cha nyuma wote, ingawa hakikutosha, wengine wakabaki mlangoni. Nthenya alikaa kwa mashine na akafanya kazi, harusi moja baada ya nyingine, akitoa sauti na kuacha picha. Kila moja ikimalizika alimwonyesha Kanyiva jina, akamwachia kitufe afute mwenyewe. Muthokoi-ulipungua ikaenda. Mvua-kwa-pilau ikaenda. Musyimi, pembeni, alikuwa anawasha ile setting, na aliandika polepole kuliko ilivyohitajika.

Ya mwisho ilikuwa kuni-mbichi. Sauti ilikuwa imeshatoka, iko salama, lakini Nthenya alikuwa ameiacha ikicheza ili ahakikishe, na Kilonzo alikuwa katikati ya maneno. Alikuwa anaeleza juu ya mzee mmoja aliyepeleka mbuzi za ntheo kuchumbia mtoto wake mke, akakosea boma.

"Sasa unaweza bonyeza, mwaitu," Nthenya akasema.

"Ngoja amalize."

Mzee Nyamai alikuwa ameshavaa kofia. Akaivua. Mbuzi zikapokelewa, Kilonzo akasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka, na maneno yote yakasemwa, na watu wakala. Asubuhi mzee akagundua kosa lake, akarudi mbio kudai mbuzi. Akampata mwenye boma ameketi nje, uso umeanguka. Akamwambia, "Rafiki yangu, hapa sina msichana hata mmoja." Mwenye boma akamjibu, "Hiyo nilikuwa najua. Lakini tangu jana bibi yangu amefunga mizigo, na anauliza bwana harusi anafika saa ngapi."

Watu wa ndani ya mashine walicheka, watu walioketi chini ya tenti siku ya kuni mbichi. Mlangoni Farhiya akacheka, akajifunika mdomo. Kanyiva hakucheka. Alisikiliza mpaka kicheko kikaisha na mtu akapuliza maiki, halafu akanyoosha kidole chenye alama ya moto na akabonyeza.

Sauti ikakatika. Kwa skrini, mstari wa nafasi ya Nthenya, uliokuwa mwekundu mwezi mzima, ukarudi nyuma mpaka karibu mwanzoni.

Kanyiva akaangalia huo mstari, akafunga leso yake vizuri kiunoni.

"Hii ya kesho Mbooni," akamuuliza Nthenya, "itatosha hapo?"

"Itatosha, mwaitu."

"Vizuri. Nani anasimamia moto?"

"Sijui. Sijawahi kufika huko nyuma."

"Basi kesho ukimaliza kupiga hao watu wako picha, fika," Kanyiva akasema. "Nitakuwa huko."